Kifafa cha Sumni

Asubuhi hiyo Polycarp alirudi kutoka kazini ameukumbatia mkono wake wa kushoto kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga. Evarista alikuwa uani akikoroga uji wa yanga, ule unga wa njano uliokuwa ukigawiwa madukani siku zile. Alipomwona mumewe anaingia kwa mlango wa nyuma, mbwa akimfuata kwa kupepesuka, aliweka mwiko chini, akaukamata ule mkono na kuugeuza. Kifundo kilikuwa kimechunika pande zote, nyama imebaki wazi.

"Mwizi?" aliuliza, baada ya kuhakikisha kwamba mumewe anamtazama mdomoni.

"Hapana. Sumni."

Habari ya kamba iliyomchuna ilikuwa siri ya watu wawili na mbwa mmoja. Masikio ya Polycarp yalikuwa yamemwacha polepole, kwanza ndege, kisha kengele ya kanisa, mwishowe watu. Naye alikuwa mlinzi wa ghala la magunia kule mtaa wa Gerezani. Mlinzi asiyesikia ana faida gani? Kwa hiyo kila alipoingia zamu alimfunga mbwa kamba shingoni, na ncha ya pili akaifunga kifundoni mwake. Sumni akisikia kitu huinuka, kamba huvuta, Polycarp huwasha tochi. Kwa mpango huo ghala halikuwa limepoteza hata gunia moja, na meneja hakuwa na habari yoyote.

"Alinivuta kama kawaida," Polycarp alieleza, akikaa juu ya kinu kilicholazwa. Sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, kama ya watu wote wasiojisikia, na Evarista alimwonyesha kwa kiganja aishushe. "Nikawasha tochi. Namulika huku, hakuna mtu. Namulika kule, hakuna. Kumulika chini, ndiye yeye. Amelala ubavu, miguu inapiga kama yuko mbioni, meno yamekazana, povu linatoka. Kamba imenikaza, nashindwa kuifungua."

"Alikuuma?"

"Aniume? Hata kunijua hakunijua, Mama Pius."

Evarista alimtazama mbwa. Walimnunua kwa sumni, senti hamsini tu, angali mdogo wa kukaa ndani ya kofia, na jina likamganda. Sasa kidevu chake kilikuwa cheupe na macho yamevaa ukungu. Alikuwa amesimama amekabili ukuta wa choo, pua karibu iguse simenti, kana kwamba amesahau namna ya kugeuka. Evarista alizaliwa Mahenge, na mtu wa Mahenge hahitaji kuelezwa maradhi ya kuanguka. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Kuna mtu mwingine aliyeona?"

"Nani angeona?"

"Basi usimwambie mtu," alisema, akarudi kwenye uji wake ambao tayari ulikuwa umeshika sufuria.

Lakini ugonjwa hauombi ruhusa ya kutokea hadharani. Jumamosi ile, watu wote wa nyumba wakiwa uani na nguo zao za kufua, Sumni aliinuka kivulini mwake, akatembea hatua chache kuelekea kwenye pipa la maji la mwenye nyumba, akakakamaa, akaanguka kama mti. Miguu ikaanza kupiga. Mkojo ukamtoka, povu likaruka hadi ubavuni mwa pipa.

Wapangaji walitawanyika, wengine wakapanda juu ya ndoo. Mmoja akasema, "Kichaa hicho. Mbwa kapata kichaa." Neno hilo likaingia ndani, likatokea mbele barazani, na kabla mbwa hajamaliza kutetemeka mlango wa uani ulikuwa umejaa watu.

Bi Mauza, mwenye nyumba, alisimama kwenye korido akiwa ameikusanya buibui yake magotini. Alikuwa mjane wa mfanyabiashara mwenye asili ya Hadhramaut, na sharti alilompa Evarista siku ya kwanza halikuwa gumu: mbwa wa ulinzi dini imemruhusu, ila asivuke mfereji, na mate yake yasiguse chombo. Hakuwahi kulirudia sharti hilo kwa sababu halikuwahi kuvunjwa.

"Pipa langu, Mama Pius," alisema sasa, kwa masikitiko zaidi ya hasira. "Maji yote hayo nimwage. Na bomba lenyewe leo halitoi."

"Nisamehe, Bi Mauza. Nitayateka mwenyewe."

"Utayateka wapi?"

Evarista hakujua angeyateka wapi. Alitaka kumsogelea mbwa, lakini hakuthubutu. Kwao, tangu utotoni, alifundishwa kwamba mtu akianguka usimguse mpaka povu likauke, kwani ugonjwa hurukia. Alisimama akiwa na doti la kanga lenye sabuni mkononi, akatazama kama wengine.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Mwinyimvua, alifika na rungu ambalo hakulitumia. Alikuwa mtu wa haki, ila mwoga wa lawama.

"Mama Pius, nakuheshimu wewe na mzee. Lakini juzi juzi tu huko Buguruni mtu kaumwa na mbwa, kafa akiogopa maji kwenye kikombe. Nikinyamaza, likitokea la kutokea, chama kitaniuliza mimi. Itabidi niwaite watu wa jiji waje na bunduki."

"Kwanza tumpeleke kwa Bwana Mifugo, Mzee. Akisema ni kichaa, mimi mwenyewe nitamshika wampige."

Mwinyimvua alikubali kwa kichwa. Mmoja wa wapangaji, mwanamke aliyekuwa bado juu ya ndoo, akauliza, "Na mzee mwenyewe yuko wapi? Kelele zote hizi bado kalala?"

"Kakesha kazini," Evarista alijibu haraka. "Kachoka."

"Huyo kalala au kafa?"

Wakacheka, na kicheko hicho kikamwondolea mbwa macho ya watu. Evarista alicheka pamoja nao.

Jumatatu waliongozana hadi Ilala, Evarista na mbwa mbele, Mwinyimvua nyuma kwa umbali wa mtu asiyetaka kuhesabiwa pamoja nao. Bwana Mifugo alikuwa kijana mpole aliyevaa koti jeupe lililokosa vifungo. Alimfunua mbwa ufizi, akamwekea maji, mbwa akayanywa yote. Aliuliza anakula vipi, anaanguka vipi, akiamka anakuwaje.

"Akiamka haoni," Evarista alisema. "Anagonga kuta. Halafu anakula kama hajala mwaka."

"Mfungeni mumtazame. Mwenye kichaa hafiki wiki mbili. Lakini kwa ninavyoona mimi, Mzee wangu," akamgeukia Mwinyimvua, "hiki ni kifafa. Mbwa nao wanapata, hasa wakizeeka."

Mwinyimvua alishusha pumzi. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha. Evarista ndiye aliyebaki amesimama.

"Dawa yake?"

"Dawa yake ni ileile ya watu. Vile vidonge vyeupe vya kifafa. Mimi hapa sina. Sina hata dawa ya kupe." Kijana alipangusa mikono yake. "Akianguka, usitie mkono kinywani. Ondoa vya kumuumiza, umngoje. Ndilo ninaloweza kukupa."

"Na akikosa vidonge?"

"Ataanguka mara kwa mara, na kila mara atachelewa zaidi kuamka. Mama, huyu ni mbwa mzee. Ningekuwa mimi..." Hakumaliza. Labda aliona jinsi Evarista alivyoizungusha kamba mkononi mwake.

Wiki hiyo Polycarp alikwenda zamu na mbwa aliyeanguka mara mbili. Mara ya pili, alisema, kulipokucha kulikuwa na alama mpya za miguu kando ya ukuta wa ghala, za mtu aliyepita mbwa akiwa bado anatapatapa. Hawakujua zilikuwa za nani. Tangu hapo Evarista hakukaa chini. Alifagia palipofagiwa, akaenda hadi sokoni Kariakoo akarudi bila kununua kitu, akasimama mlangoni jua likizama kuwatazama wawili wale wakiondoka, mwanamume hasikii na mbwa haaminiki, na asubuhi akasimama palepale kungoja kama watarudi.

Zahanati ilikuwa na foleni iliyozunguka jengo. Evarista alikuwa amekusudia kusema kweli. Alikuwa ameipanga njiani, akaigeuza, akaipamba: Daktari, nina mbwa, lakini si mbwa wa anasa. Ila mbele yake mzee mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa homa aliambiwa dawa ya malaria hakuna, akaondoka, na Evarista akaona kwamba mahali pale mbwa hatajwi.

"Mgonjwa ni wewe?" tabibu aliuliza bila kuinua uso.

"Mzee wangu."

"Ana nini?"

"Kifafa," alisema kwa sauti ya chini.

"Sema nisikie."

"Kifafa."

"Kifafa," tabibu alirudia, kwa sauti ya mtu anayeita jina. Foleni ikanyamaza. "Kimemwanza lini? Anaangukaje?"

Evarista alieleza. Hakudanganya hata neno moja, isipokuwa la nani. Alisema analala ubavu, miguu inapiga, mkojo unamtoka, akiamka anagonga kuta. Tabibu aliguna kwa huruma, akaushika mkebe, akautikisa, akamimina vidonge vyote katika kipande cha gazeti.

"Nusu asubuhi, nusu jioni. Asikae karibu na moto. Asipande ngazi. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa mwanamke mwembamba aliyejitanda kanga ya rangi iliyofifia. "Mimi ni kwa mwanangu," alisema. "Ileile ya huyu mama."

Tabibu aliugeuza mkebe juu chini. Halikutoka hata vumbi. "Rudi wiki ijayo. Wakileta, wakileta."

Evarista alikuwa ameshika kile kipande cha gazeti ndani ya ngumi. Angeweza kukifungua palepale. Alitoka nje, akatembea upesi, na aliposikia kandambili zinamfuata akaongeza mwendo.

"Mwenzangu. Dada. Ngoja kidogo."

Ikambidi asimame. Mwanamke yule hakuwa amekuja kuomba. Uso wake ulikuwa na shauku ya ajabu. "Naitwa Sabaha, wa Buguruni. Ulisema ni mzee wako. Ana kazi?"

"Anayo."

"Kazi ya kuajiriwa? Na ugonjwa huu?"

"Mlinzi. Ghala la magunia, Gerezani." Lilimtoka kabla hajalipima.

"Alhamdulillahi," Sabaha alisema taratibu, kama aliyepewa kitu. "Na wewe umekaa naye."

Evarista aliitikia kwa kichwa, akasema ana sufuria motoni, akaenda zake.

Vidonge vilifanya kazi. Polycarp alipouliza vimetoka wapi, mkewe alijibu, "Kwa Bwana Mifugo," naye akaridhika. Walivisaga, wakavificha ndani ya bonge la ugali. Sumni akawa mzito wa miguu, akalala sana, akaiba chakula cha paka wa Bi Mauza, lakini hakuanguka. Aliposikia kitu bado aliinuka, ingawa kwa kuchelewa. Polycarp alianza tena kuimba nyimbo za kanisa akinyoa ndevu, kwa sauti yake ile isiyo na mpaka.

Evarista ndiye aliyeona mambo yanabadilika. Mpangaji wa chumba cha jirani aliacha kuazima kinu. Wanawake waliokuwa wakioga baada ya Polycarp sasa walimwaga maji bafuni kwanza, maji yenyewe ya shida. Ile foleni ilikuwa na watu wa mtaani, na neno lilikuwa limefika nyumbani kabla yake.

Jioni moja alikuwa amekaa ndani ya mlango wa mbele, akichambua mchele, mumewe yuko barazani na wazee wenzake. Muuza kahawa alipita na birika lake, akawamiminia mmoja baada ya mwingine katika vikombe vidogo. Alipofika kwa Polycarp alisita, akaingiza mkono kwenye ndoo, akatoa kopo lililokuwa la maziwa, akamimina humo. Wazee wakaangalia barabarani. Mmoja alisema jambo, mwingine akajibu, "Ndiyo hivyo, maradhi hayana adabu." Polycarp hakusikia lolote. Alilipokea lile kopo, akalitazama, akavitazama vikombe vya wenzake, kisha akanywa. Kopo lilikuwa limemchoma midomo. Alipoingia ndani kujiandaa kwa zamu alimwuliza mkewe, "Nina nini mimi? Nanuka?"

"Vikombe vimepungua siku hizi," Evarista alisema. "Kila kitu kimepungua."

Alimwona hakuamini, na hakuwa na ujasiri wa kumpa kingine cha kuamini.

Haikupita siku nyingi Sabaha akatokea mlangoni, amemshika binti mkono. Alikuwa ameulizia ghala, akaelekezwa nyumba. Binti aliitwa Sophia, msichana mkubwa wa kuolewa, mrefu, mwenye kovu la moto lililoanzia vidoleni likapanda hadi kwenye kiwiko, na juu yake jeraha jingine bichi lililopakwa majivu. Walikaribishwa uani kwenye mkeka. Polycarp alikuwa ameamka, anapiga mswaki. Sumni alilala ng'ambo ya mfereji.

"Shikamoo, babu," Sophia alisema.

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa amemtazama mdomoni.

Sabaha alizungumza akimkabili Polycarp, taratibu, kwa heshima, na kwa bahati mbaya kila neno lilionekana. "Baba, samahani kwa kukuvamia. Nilionana na mama pale zahanati siku aliyokuchukulia dawa ya kifafa. Mimi sina shida nyingine. Nilitaka huyu akuone kwa macho. Ndugu zangu wanasema nimfungie ndani, hataolewa, hatafanya kazi. Nikamwambia kuna mzee Gerezani anaanguka kama wewe, na analinda ghala, na ana mke."

Polycarp alimtazama mkewe. Evarista alitamani ardhi impokee. Aliona jinsi ile kahawa ya kopo ilivyokuwa ikimfikia mumewe sasa hivi, na kile kinu, na maji ya bafuni, kimoja baada ya kingine.

"Ni kweli," Polycarp alisema mwishowe. "Naanguka. Halafu naamka."

Sophia alijongea mbele kwenye mkeka. "Na wewe kabla ya kuanguka unasikia ile harufu? Mimi nasikia harufu ya nywele zinazoungua. Halafu mkono huu unakuwa si wangu. Wewe unaanzaje, babu?"

Mzee alifungua mdomo. Alikuwa tayari kubeba jina la ugonjwa, lakini hilo la harufu hakulijua. Aliuangalia ule uso wa kijana uliokuwa ukimsubiri, uso wa mtu anayekutana na mwenzake kwa mara ya kwanza, na mabega yake yakashuka.

"Mwanangu," alisema, "nakudanganya. Si mimi. Ni yule." Akaelekeza mswaki kwa mbwa.

Sabaha hakuelewa mara moja. Alipoelewa alisimama. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Vile vidonge," alimwambia Evarista. "Mimi niko nyuma yako. Mkebe unageuzwa juu chini mbele yangu. Mwanangu kaangukia jiko Alhamisi, tazama mkono. Na dawa yake inaliwa na mbwa."

"Sabaha, dada yangu..."

"Usiniite dada."

Evarista aliingia ndani, akarudi na kile kipande cha gazeti. Vilikuwa vimebaki zaidi ya nusu. Alitaka kueleza habari ya kamba, ya masikio, ya zile alama za miguu ukutani. Lakini kila sababu aliyoishika, akiipima na mkono wa Sophia, ilikuwa nyepesi. Alimpa tu. Sabaha alipokea, akamwinua binti yake, wakaondoka. Sophia aligeuka mara moja mlangoni. Hakumtazama Evarista, alimtazama mbwa.

Polycarp alimalizia kupiga mswaki. Alisukutua, akatema, akakaa juu ya kinu.

"Kwa hiyo ndiyo sababu nikanywea kopo," alisema.

"Nisamehe, Baba Pius."

"Ungeniambia. Ningelinywea nikijua ni la nini."

Meneja wa ghala, Ndugu Kitwana, alimwita siku iliyofuata. Polycarp alimwomba mkewe aende naye, jambo ambalo hakuwahi kuliomba. Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha upande wa karakana, nyundo zinagonga mabati nje. Kitwana hakuwa mtu wa maneno mabaya.

"Ndugu Polycarp, nimesikia una kifafa."

"Sina. Mbwa ndiye mwenye kifafa. Mke wangu alihitaji dawa."

Kitwana alitabasamu bila kutaka, akatikisa kichwa. Nyundo zilimkera, akainuka kwenda kufunga dirisha. Akiwa amewapa mgongo, akihangaika na komeo, aliuliza, "Na huyo mbwa unakuja naye kazini tangu lini?"

Polycarp alikaa, mikono juu ya magoti, akiutazama mgongo wa meneja kwa adabu.

"Nauliza, tangu lini?"

Evarista alimtazama mumewe, kisha ule mgongo. Komeo lilikuwa bado halijaingia. "Tangu mwaka juzi mwanzoni," alijibu.

Kitwana aligeuka polepole. "Nimemwuliza yeye."

Polycarp aliwatazama wote wawili, huyu kisha yule, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayekubali jambo asilolijua ili asionekane hakulisikia, na lilimuuma Evarista kuliko kopo la kahawa. Kitwana aliliona. Alirudi, akavuta kiti, akakaa ana kwa ana na mzee.

"Husikii," alisema.

Polycarp alitafakari kama akane. "Sisikii," alisema.

"Na mimi nalala kwangu nikijua ghala lina mlinzi."

"Lilikuwa na mlinzi. Gunia gani limepotea?"

"Alikuwa mbwa."

"Tulikuwa wawili," Polycarp alisema.

Kitwana alichezea kalamu. Kisha akasema, akitamka wazi ili midomo yake ionekane, kwamba ulinzi hawezi kumwachia tena, ila kwenye banda la nyuma wanawake wanashona magunia yaliyochanika, na wanahitaji mtu wa nne. Mshahara wa pale haukuwa wa mlinzi. Mbwa asije.

"Kushona," Polycarp alirudia.

"Kushona."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Kwenye reli, walipolazimika kusimama kupisha mabehewa, Polycarp alinyoosha vidole vyake vinene mbele ya macho, akavitazama. "Sindano sijashika tangu shule ya misheni," alisema. Evarista alimwambia atamfundisha, na jioni ile alimfundisha kweli, kwa kitambaa cha gunia la yanga, na mumewe alijichoma mara nyingi bila kulalamika.

Vidonge vilipokatika ghafla, kifafa kilirudi kwa hasira. Bwana Mifugo alikuwa ametabiri hivyo. Sasa Sumni alianguka asubuhi na alasiri, na baada ya kila anguko alizunguka uani akigonga pipa, akigonga miguu ya watu, hadi njia ya nyumbani kwake ya hatua chache ikamrudia. Mwinyimvua alipita kuuliza kama awaite watu wa jiji sasa, kwa huruma tu, si kwa amri. Polycarp alisema bado. Bi Mauza alihamishia pipa lake koridoni bila kuambiwa, akanung'unika siku nzima, asitaje kuwahamisha.

Jumapili moja baada ya misa, Evarista alikuwa kwenye mlango wa chumba chao akikunja nguo, ndipo alipomwona Sophia anaingia uani peke yake. Alikuwa ametembea kutoka Buguruni. Mama yake, alisema, anajua yuko sokoni.

"Dawa imekusaidia?" Evarista aliuliza.

"Ilinisaidia. Imekwisha tena." Alisema hivyo bila lawama, kama mtu anayeeleza mvua. "Nimekuja kumwona yule."

Yule alikuwa ameshaanza kukakamaa. Aliinua kichwa, akaangalia kitu ambacho hakikuwepo, akaanguka. Polycarp alikuwa karibu, akasukuma kinu pembeni, akaondoa sufuria, akakaa chini karibu na kichwa cha mbwa bila kumgusa mdomo, kama alivyoelekezwa. Wapangaji wakasimama milangoni mwao. Hakuna aliyepanda ndoo siku hizo, lakini hakuna aliyekaribia.

Sophia alivuka mfereji, akakunja kanga yake, akakaa upande wa pili.

"Binti, ukimgusa utajitoharisha kwa mchanga," Bi Mauza alimwambia kutoka koridoni.

"Nitajitoharisha, bibi."

Miguu ya mbwa ilikuwa inapiga simenti, makucha yanakwaruza. Lilikuwa anguko refu. Polycarp alimtazama msichana mdomoni, akauliza kwa sauti yake ile kubwa iliyosikika hadi barazani, "Mwanangu, mtu akiwa humo, anasikia watu wanayosema?"

"Hasikii kitu, babu," Sophia alijibu, akitamka vizuri. "Mimi sisikii chochote. Lakini nikiamka, cha kwanza ninachotazama ni nani yuko karibu. Mara nyingi wote wako milangoni."

Evarista alikuwa mlangoni. Mkononi alishika shati la mumewe, limekunjwa nusu, na bega lake lilikuwa limeegemea mwimo kama kila siku ambayo mbwa huyu alianguka. Ile hofu ya Mahenge, ya povu linalorukia, bado ilikuwepo, haikuwa imepungua hata kidogo. Aliweka shati chini. Akapita kati ya wapangaji, akavuka mfereji, akapiga magoti kwenye simenti iliyolowa mkojo, akauweka mkono wake juu ya ubavu uliokuwa ukiruka. Ulikuwa wa moto, na mifupa ilikuwa karibu sana na ngozi.

Mitetemo ikapungua, ikawa ya mbali mbali. Sumni alivuta pumzi moja ndefu, kisha akafumbua macho yake yenye ukungu. Hakumjua mtu bado. Wakamngoja.